Fungu la Aliye Njiani

Enzi zetu bondeni, kabla watoto hawajaanza kuuliza simu kama mvua itanyesha ilhali wingu liko juu ya vichwa vyao, likizo ya masika haikuwa likizo. Ilikuwa zamu ya kuamia ndege wasile mpunga. Shule ikifungwa, mimi na Somoe, mtoto wa mama mkubwa, tulivushwa mto kwa mtumbwi mpaka shambani kwa Bibi, tukaishi naye juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu ambacho watu wa Rufiji hujenga katikati ya mpunga. Tuliwarushia ndege madonge ya udongo kwa ncha ya fimbo. Tulivuta kamba zenye makopo mpaka viganja vikachubuka. Tulicheza mdako kwa kokwa za mikoche, na jioni tukanuka moshi na kambale wa kuchoma. Mtoto wa leo umwache kule siku moja bila chaja, ataomba gari la wagonjwa.

Nilimwonea wivu Somoe tangu wakati ule. Si kwa sababu alikuwa mzuri, ingawa alikuwa. Nilimwonea wivu kwa sababu aliambiwa jambo mara moja likamtosha. Mimi madrasa nilimuuliza mwalimu ndani ya safina ya Nabii Nuhu simba alikula nini, na mbuzi walisalimikaje. Akanituma nikachote maji. Bibi alipopata habari aliniita Kadhi, na jina likaganda.

Bibi alikuwa na desturi yake. Kila alipopakua chakula alipakua fungu moja la ziada, akalifunika kwa kawa la ukindu. Ukimuuliza la nani, alijibu, "Aliye njiani ana fungu lake." Mara nyingi mtu alitokea kweli, mpita njia au jirani. Asipotokea, tulilila asubuhi. Mimi nilihesabu siku ambazo hakutokea mtu. Somoe alihesabu zile nyingine.

Mwaka mmoja, tukiwa darasa la tano, maji yalikuja mapema. Mjomba Athumani alikuwa ameondoka alfajiri na mtumbwi wetu pekee kwenda kijijini kuleta unga. Kufika saa nne mpunga ulikuwa umezama shingo, na kufika adhuhuri hapakuwa na mpunga wala njia, ila maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na matawi na kuku wa watu. Ngazi ya dungu ilikuwa na vipandio vinane. Nilikaa mlangoni nikavitangaza kimoja kimoja kama karani.

"Bibi, cha tatu kimezama."

"Nimesikia, Kadhi. Mungu si Athumani."

"Lakini Bibi, anayekuja kutuchukua si ndiye Athumani?"

Somoe alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi naye akacheka, kisha akasonga ugali kwenye jiko la udongo, akaugawa mafungu manne.

"La mjomba liwe kubwa," Somoe akasema. "Atakuwa amechoka kupiga kafi."

Mjomba hakuja siku ile. Siku ya pili unga ulipungua, mafungu yakawa kama ngumi ya mtoto, na bado yalikuwa manne. La mjomba la jana tulikuwa tumelila asubuhi. La leo likafunikwa. Nilisema afadhali tugawane matatu. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Nikiacha kulipakua, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mkono wangu."

Siku ya tatu unga uliisha. Yalitoka mafungu manne ya mwisho, na maji yalikuwa kipandio cha sita. Alasiri Bibi alikuwa juu ya mkeka wake wa kuswalia, na Somoe amelala. Amelala usingizi, jamani, maji yakigonga nguzo chini yake! Nilimtazama na nikamchukia kidogo. Kisha nikafanya hesabu. Mkondo ule mtumbwi hauushindi. Siku tatu ni nyingi. Maiti hali chakula. Nikainua kawa, nikala fungu la mjomba kwa matonge manne, nikalirudisha kawa pale pale.

Jasho halijanikauka nikasikia, "Hodi huko juu!"

Mjomba Athumani alipanda akitetemeka. Mkondo ulikuwa umempindua, unga ukaenda na maji, naye akakaa siku mbili juu ya kichuguu na nyoka wawili ambao, alisema, walikuwa na adabu kuliko baadhi ya shemeji zake. Mtumbwi ulinasa matetini, akaufuata kwa kuogelea asubuhi ile. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha Mjomba akauliza, "Mama, kuna fungu langu?"

"Liko chini ya kawa, baba."

Akainua. Sahani ilikuwa tupu, imelambwa.

Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililoniumiza. Somoe aliamka, akaitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na nusu ya ugali wake wa siku ile. "Nilikuongezea, mjomba. Nilijua utafika na njaa."

Tulipofika nchi kavu nilingoja fimbo. Badala yake Bibi alipakua, akafunika, akaniambia, "Kuanzia leo mlinzi wa kawa ni wewe, Kadhi. Aliyelila ndiye anayejua uzito wake." Nililinda mpaka nilipokwenda chuo. Sikuiba tena, lakini wala sikuamini. Nililinda tu.

Masika iliyopita maji yalirudi. Somoe sasa anaishi Maparoni, kule kule Rufiji, na watoto watatu, na mtandao ulikatika siku nne. Mimi Dar nilikuwa na ramani, picha na utabiri wa saa kwa saa, na sikupata usingizi. Bibi hayupo tena kuniambia lolote. Siku ya tano simu ikaita, ni Somoe: wako Mahege kwa Mjomba, shamba limekwenda lote.

"Hukuogopa?" nilimuuliza.

"We Kadhi, niliogopa sana. Lakini kuogopa hakukunizuia kupika."

Nimesoma miaka mingi nikidhani waliomtegemea Mungu hawakuona maji. Walikuwa wakiyaona. Bibi alivisikia vipandio vyote.

Kesho yake nilikwenda Mahege bila kumwambia mtu. Niliwakuta wamekwisha kula. Somoe, ambaye hakuwa na gunia hata moja duniani, alinyanyuka akaweka mbele yangu fungu lililofunikwa kwa kawa. Nikasita, mkono ukabaki hewani.

"Usiliangalie hivyo," akasema. "Safari hii ni lako."

Nilikula lote huku bado nikimwonea wivu. Zamani, juu ya nguzo, unga ukiwa umekwisha, tulikuwa watatu na mafungu manne. Leo nina friji iliyojaa kule Dar, na hakuna sahani hata moja iliyofunikwa.