London ni Vidole Vitatu Tu

Makosa ni yangu, na tafadhali msinitafutie kisingizio. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa upande wa Mikinduri, na nilimdanganya mama mkwe kwa ramani za shule!

Wifi yangu ni nesi London. Alipojifungua mwaka jana, alimtumia mamake tikiti ya ndege aende kumsaidia kulea kwa miezi mitatu. Miezi mitatu, jamani! Nyumba ya mama mkwe iko ng'ambo ya ua wetu, na kila asubuhi alikuwa akija kufunua sufuria zangu na kuonja. Nilianza kuhesabu siku za raha kabla hata hajakubali.

Lakini alikataa. Alishawahi kwenda Nairobi mara moja, mgongo ukamuuma wiki nzima, akaapa hataenda mbali kuliko huko. Hapo ndipo shetani aliponikumbusha kazi yangu.

Nilileta kutoka shuleni ile ramani kubwa ya ukutani ya Kenya. Nikapima Mikinduri mpaka Nairobi mbele yake, ikawa shibiri nzima. Kisha nikafungua atlasi, ukurasa mdogo wa dunia, nikapima Nairobi mpaka London. Vidole vitatu! Kila mwaka nafundisha darasa la sita kwamba kila ramani ina kipimo chake. Siku hiyo nilinyamaza.

"Kumbe London ni hapa karibu," akasema. "Ni masaa ngapi?"

"Mawili tu, mama."

Ni karibu tisa! Nilijua, na bado nilimfungia kiondo chake nikitabasamu.

Barua ya wifi ilifika baada ya wiki mbili, na mume wangu akaisoma kwa sauti tukinywa chai. Mama alikuwa amekataa chakula chote cha ndege, eti atakula kwa binti yake. Masaa mawili yalipoisha alisimama, kiondo begani, akaomba aonyeshwe mlango. Alipoambiwa bado saba, alikaa akaanza kuomba kwa sauti, na hakunyamaza mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Binti yake alimuuliza kwa nini aliogopa hivyo.

"Mwalimu hawezi kusema uongo," akajibu. "Nilijua ni ndege imepotea."

Chai ilinipalia. Mama wa watu alikuwa huko juu akijua anakufa bila kumwona mjukuu, na bado ananitetea! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mume wangu alikunja barua, akaiweka mbele ya kikombe changu.

Mama aliporudi, baada ya masaa mengine tisa angani, hakunigombeza hata kidogo. Alibeba godoro lake akaingia kwangu, akasema paa lake linavuja, atakaa siku mbili.

Sasa huu ni mwezi wa saba yuko kwangu. Na paa halivuji, nimepanda mwenyewe nikakagua!

Juzi nilijikaza, nikamuuliza kwa heshima atarudi kwake lini. Aliniomba atlasi, akavaa miwani aliyonunuliwa London, akafunua kurasa zote polepole, moja baada ya nyingine.

"Nimetafuta nyumba yangu kwa hii ramani yako, mwalimu," akasema. "Haiko. Lazima iko mbali sana."

Wenzangu mlioolewa, nawasihi! Mkwe akikuuliza safari ni masaa ngapi, mtajie yote tisa, na umwongezee hata la kumi. Wacha niishie hapo, ananiita jikoni. Ameonja mboga, eti chumvi imezidi.