Mpira Niliomnyanyulia Tausi

Siku ile ya Mikumi naikumbuka, mwanangu, hata pale ambapo sitaki kuikumbuka. Jua lilikuwa limepita utosini, uwanja mkavu, na sisi wasichana wa Kilosa tulikuwa tumefika asubuhi juu ya lori, vumbi mpaka kwenye nyusi. Umeniomba nikufundishe kunyanyua mpira wa wavu ulainike mikononi. Nitakufundisha. Lakini siwezi kukufundisha vidole bila kukwambia vidole vyangu viliharibu nini.

Nilikuwa seta kama wewe, yule anayeugusa mpira mara ya pili na kumnyanyulia mwenzake aupige. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, baba akikata, mama akianika nyuzi, na wavu wetu wa kwanza tuliusuka wenyewe kwa kamba za katani. Nilikuwa na mikono mizuri. Nasema bila haya, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mpira ukifika vidoleni mwangu ulikuwa hausikiki. Wewe waamuzi wanakupigia filimbi kila siku kwa kuugusa mara mbili. Mimi walikuwa wananitazama tu. Watu walikuja uwanjani kuiona mikono ya Zaina, na Zaina alilijua hilo vizuri sana.

Aliyetufundisha alikuwa Mzee Lukas, fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Alinipeleka kwenye ukuta wa ghala pale stesheni, akataka niupige mpira ukutani kwa ncha za vidole mpaka yeye aseme basi. Hilo nililipenda. Kisha akaanza kuurusha mbali, mara kushoto, mara nyuma, akitaka nikimbie niwe chini yake kabla haujashuka, niupokee juu ya paji la uso, nimekunja magoti, ndipo niusukume kwa mwili mzima. Hilo sikulipenda. Nikimbie ya nini, na mikono yangu inafika? Nilikuwa nasimama palepale, najipinda, nauvuta mpira kutoka popote ulipo, na watu wanapiga makofi.

Akanisimamisha mbele ya wenzangu. "Zaina, mikono yako mizuri, lakini miguu yako ina kiburi. Ukiunyanyua mpira umesimama vibaya, hauendi unakotaka wewe. Na yupo mtu hewani anaufuata." Nilimwitikia ndiyo mzee, nikainamisha kichwa kwa adabu, na moyoni nikasema huyu sasa kazeeka.

Aliyekuwa hewani ni Tausi. Tausi ndiye mpigaji wetu, na ndiye rafiki yangu wa kambini. Utotoni tulilala mkeka mmoja. Akiruka, wale wa upande wa pili walikuwa wanafumba macho, nami nilikuwa nawacheka. Siku hiyo ya Mikumi walikuja watu watatu wa timu ya taasisi moja ya Dar es Salaam, wanatafuta mpigaji mmoja. Unajua maana yake, ilikuwa hivyo zamani na ni hivyo leo: wakikuchukua, wanakuajiri, unacheza na unafanya kazi, na kwenu wanapumua. Mama yake Tausi alikuwa mjane mwenye watoto wengine watatu wadogo. Sote tulijua wale wageni wamekuja kwa ajili yake. Yeye alitakiwa kuruka tu, na mimi kumnyanyulia.

Tulikuwa seti ya mwisho. Mpira ukapokelewa ovyo, ukaja nyuma yangu. Hatua tatu, mwanangu. Ningepiga hatua tatu ningekuwa chini yake. Sikupiga hata moja. Nilijipinda nikaunyanyua kwa madaha, makofi yakaanza kabla haujashuka, nami nikayasikia nikafurahi. Lakini ulikuwa unasogea. Ukaenda kukaa juu kabisa ya wavu, na Tausi alikuwa ameshaondoka ardhini, akaufuata hukohuko. Akashukia mguu wa msichana wa Mikumi. Goti likageuka. Sauti aliyoitoa sitakueleza.

Walipomlaza kivulini akanishika mkono. "Zaina, nimekosea nini?"

Hapa nisikilize vizuri. Mpigaji akiwa hewani hajioni, macho yake yote yako kwenye mpira. Anayemwona ni seta. Kwa hiyo aliniuliza mimi, na chochote ambacho ningemwambia angekiamini. Wale wageni walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka pale, wanasikiliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba kama Tausi hawezi tena, pengine watachukua seta.

Nikamwambia, "Umeruka mbele mno. Kila siku unaruka vibaya, leo ndiyo imekukamata."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Akaniomba radhi kwa kutupotezea mchezo. Yeye aliniomba radhi mimi, na mimi nikaipokea. Wale wageni waliondoka bila kuniuliza hata jina.

Miezi ikapita, bandeji ngumu ya goti ikatolewa, na Mzee Lukas akapata barua: kama yule msichana amepona, aje ajaribiwe. Tausi akakataa. Mzee akaniita stesheni. Hakuwa mjinga yule mzee, siku ile alikuwa amekaa pembeni ya uwanja na macho yake mawili. Akaniambia niende nikamwambie Tausi ule mpira ulikuwaje. Nikaenda. Nikamkuta ametoka bombani na ndoo kichwani, anatembea vizuri kabisa. Tukazungumza harusi ya jirani. Nikala ugali wao, nikaaga, nikarudi. Mzee akauliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia, bado hataki. Akakohoa weee, kisha akasema kama anajua na hataki, basi tumwache. Aliingia kaburini akiamini hivyo.

Tausi alikwenda kufanya kibarua shamba la mbegu Kilangali, kisha akaolewa Magole. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa najifariji kwamba ni goti. Goti ndilo lililomzuia, na goti huvunjika katika michezo, nani ana kosa? Nilijiambia hivyo nikiwa kijana, nikajiambia hivyo nikizaa, nikajiambia hivyo nikizika mume. Mwaka huu masika ilipokwisha nikaona sina tena nguvu ya kujiambia. Nikapanda basi kwenda Magole.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amekuwa bibi kama mimi. Alifurahi, mwanangu, alifurahi kuniona, na hilo ndilo linaloniumiza kupita yote. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza kila kitu, mpira, wageni, siku niliyotumwa nikanyamaza. Mikono yake haikusimama, aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Goti lilipona kabla ya mavuno."

Nikamwambia nilidhani lilikuwa linamuuma.

"Halikuniuma. Niliogopa kuruka. Uliniambia sijui kuruka, na wewe ndiye uliyekuwa unaniona." Akachukua hindi jingine. "Ungeniambia, Zaina, ningekwenda."

Nikamwomba anisamehe. Hakunitukana; ningefurahi angenitukana. Alisema amechoka, akaniambia nikawahi basi. Nilitembea mpaka barabarani sijui nakanyaga wapi. Mama yake alikufa bado anaokota kuni, wale wadogo zake hakuna aliyemaliza shule, na yote hayo yalitokana na maneno yangu machache pale kivulini. Najuta mpaka mifupa inauma, na kujuta hakujamrudishia Tausi hata siku moja. Usidhani kuna zoezi la kurekebisha hilo. Nimelitafuta, halipo.

Sasa haya ndiyo unayoyataka. Anza na miguu. Mpira ukiondoka mkononi mwa anayepokea, wewe uwe umeshaanza kukimbia, ufike, usimame, ndipo unyanyue mikono. Uupokee juu ya paji la uso kwa vidole vyote kumi, viganja visiuguse, na nguvu itoke magotini. Uache mpira mbali kidogo na wavu, urefu wa mkono wako na zaidi, ili mwenzako apate pa kushukia. Ukiona huwezi kuufikia, mpe mpira wa juu na salama, usio na sifa yoyote. Makofi usiyasikilize, yaliniua mimi.

Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Jana jioni nilikuwa nimekaa pale kwenye matofali nikakusikia unamwambia Rehema kwamba amechelewa kuruka. Hakuchelewa. Mpira wako ulikuwa mfupi, wewe unajua na mimi najua. Yeye hajui. Baada ya mazoezi alibaki peke yake akirukaruka bila mpira, anatafuta kosa ambalo si lake. Leo usianze na ukuta, anza kwa Rehema. Nenda sasa hivi, wenzenu hawajafika.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie magoti yako na ya wote watakaoruka kwa ajili yako, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akuzeeshe ukiwa na rafiki anayekungoja ukae naye.