Jezi Aliyovaa Ng'ombe

Nilifua jezi za timu ya Tawa miaka sita, kwa sabuni ya kipande na maji ya kubebwa na punda, kwa hivyo mtu asiniambie eti zilikuwa za bluu. Zilikuwa za kijani, tena zilichuja zikaniharibia leso mbili.

Baadaye mwenye hadiwea mmoja wa mji wa Salama akainunua timu pamoja na kombe letu, akaihamishia kwao, akaipa jina jipya na rangi ya bluu ya duka lake. Haya, pesa ni zake. Lakini mwaka jana akamwalika kaka yangu, aliyekuwa kipa wetu, apewe cheti cha shujaa wa Salama. Salama! Hao ndio tuliowafunga kwenye fainali, na penalti yao ya mwisho kaka aliipangua ikamvunja kidole, hakijanyooka hadi leo.

Alitaka kwenda. Tangu kiharusi kimpige na maneno yake yawe machache, hakuna aliyekuwa akimwalika popote ila matangani. Nikamvalisha suti ya kanisani, nimenuna kabisa.

Ukutani mwa ukumbi wa sherehe walikuwa wametundika picha yetu ya ushindi, kubwa kama mlango, wachezaji wote wamepakwa bluu kwa kompyuta. Wajinga wale wakasahau ng'ombe. Kwetu, ng'ombe wa zawadi huvalishwa jezi ya mchezaji aliyeng'ara, akatembezwa sokoni kabla hajachinjwa. Na huyo hapo katikati ya bluu yote, jezi namba moja mgongoni, kijani kibichi.

Kijana wa maikrofoni, aliyezaliwa juzi, akamwomba kaka aeleze vile Salama waliwalaza Tawa. Watu wakapiga makofi. Nilisikia uchungu, nikataka kumpokonya ile maikrofoni. Kaka akainua kidole chake kibovu, akakielekeza kwa ng'ombe.

"Ile ni jezi yangu," akasema polepole. "Huyo tulimla Tawa."

Watu wakageuka kuitazama picha. Kisha mzee mmoja wa Salama, aliyekuwa amekaa mbele na cheti chake cha shujaa mapajani, akasimama.

"Ni kweli," akasema. "Penalti iliyokivunja hicho kidole niliipiga mimi."

Akaweka cheti chake mezani, akaja akamshika kaka mkono, kile kidole kilichopinda kikiwa kati ya vyake. Mwenye hadiwea akaagiza soda ziletwe haraka.