Tarumbeta Moja

Kwetu mlimani, upande wa Meru unaotazama mji wa Arusha, tarumbeta ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo haikuandikwa popote. Zikilia tano pamoja, ni ibada au harusi. Ikilia moja peke yake, sauti tatu ndefu, kuna mtu amekufa. Hapo majembe yanatupwa, masufuria yanaepuliwa, na watu wanafuata sauti ilikotoka. Wanawake wanabeba ndizi na maziwa, wanaume wanabeba sepetu za kuchimbia kaburi. Hakuna anayeuliza ni nani. Utamjua ukifika.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wapigaji watano wa kanisa letu la Kilutheri. Siku za kazi nilikuwa fundi seremala. Sikuwa nimeoa, na msiniulize kwa nini, nimeshaulizwa vya kutosha. Baba alikuwa amekwisha kufa, dada zangu wameolewa mbali, nikabaki nyumbani na mama yangu tu, naye kifua kilikuwa kinamsumbua mwaka wa pili ule. Mama alizaliwa upande wa Kilimanjaro. Aliolewa kwetu akiwa msichana, akazaa, akalima, akazeeka, na bado moyoni alijiona mtu wa kuja. Jambo moja alilirudia mpaka nikalichoka.

"Mwanangu, nikifa, tarumbeta ilie na uwanja ujae. Nisizikwe kama mgeni."

"Utazikwa kama malkia, mama. Kunywa uji."

Basi. Wakati ule Mwingereza ndiye aliyetawala, na Wazungu wa mjini walikuwa na ukumbi wao wa starehe. Mwaka mmoja walitaka kucheza mchezo wa kuimba, ule ambao watu hawasemi hata neno moja, wanaimbiana tu toka mwanzo mpaka mwisho, hata kuombana maji ni kwa wimbo. Wakanipa kazi ya kutengeneza jukwaa. Nilikuwa napigilia misumari upande huu, na upande wa pili wanne wao wanafanya mazoezi na fidla zao: daktari, mkulima mmoja Mgiriki, na mabibi wawili. Fidla mbili ndogo, moja kubwa kidogo, na ya nne kubwa kweli, bibi mmoja anaikumbatia kwa magoti.

Lo! Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile. Kanisani tunaanza pamoja, tunakwenda pamoja, tunamaliza pamoja. Hawa wanne walikuwa wanazungumza. Mmoja anasema neno, mwenzake anamsubiri, wa tatu anabisha, na ile kubwa inaguna kama mzee asiyekubaliana na vijana. Nilijipiga nyundo kidoleni. Siku ile nilirudi nyumbani nimejaa kifua kizima na sikuwa na mtu wa kumwambia. Wenzangu wa tarumbeta niliwaeleza, wakacheka wakasema fundi amelogwa na Wazungu. Mama alinisikiliza, lakini alisinzia katikati. Nasema kweli, sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile, na upweke wenyewe ulianza siku niliposikia kitu kizuri.

Aliyesimamia mchezo ule alikuwa Memsahib mmoja, mke wa mwenye shamba la kahawa, mpigaji wa kinanda. Siku moja nikamkuta amefura. Mzungu wao wa tarumbeta amehamishwa kikazi, na mchezo hauendi bila yeye. Nikaweka nyundo chini.

"Memsahib, mimi napiga tarumbeta."

Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

Kesho yake nilikwenda na tarumbeta yangu, nikapiga. Akaniambia, kwa Kiswahili chao kile cha shambani, "Hapana hivyo. Piga kama iko mlima ingine. Mbali, lakini kubwa." Akanieleza habari yenyewe. Mwanamke anamngoja mumewe aliyekwenda vitani. Watu wote wamemwambia amekufa, olewa tena. Karibu akubali. Ndipo tarumbeta inalia mbali, nje kabisa, sauti tatu, ya mwisho inapanda juu. Mwanamke anajua mumewe yu hai. Wanaotazama hawamwoni mpigaji. Wanamsikia tu.

Sauti tatu! Mtu mwenye akili angeona hatari hapo hapo. Mimi niliona fahari tu.

Nilianza kujifunza nyumbani alfajiri kabla ya kwenda kazini, nimeziba mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa. Lakini ukiziba, sauti haiwi ya mlima mwingine, inakuwa ya ndani ya gunia. Asubuhi moja nikasema liwe na liwe, nikachomoa kitambaa, nikasimama nyuma ya migomba, nikaipiga yote kwa nguvu zangu zote. Ilitoka safi. Nikairudia.

Nilipogeuka, bonde zima lilikuwa linapanda kwetu.

Walikuja na ndizi. Walikuja na vibuyu vya maziwa. Wanaume sita na sepetu zao, na mzee wa kanisa mbele yao na kitabu cha nyimbo kwapani. Jirani yetu wa chini, mwanamke wa sauti kubwa ambaye kahawa yake imepakana na yetu, alikuwa analia toka mferejini, "Mama wee, mama yetu wee!" Wakaingia uwanjani, wakamkuta mama amekaa juani kwenye kigoda chake, bakuli la mtori mkononi.

Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Mmekuja kunizika?" akauliza. "Basi kaeni kwanza mpumzike, mlima huu si mchezo."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Wengine hawakucheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Siku ile ile nilichuma jani la sale, lile letu la kuombea msamaha, nikaenda nalo kwa wazee wa kanisa. Wakanisema, na walikuwa na haki, lakini wakanisamehe. Jumapili mzee akasimama akatangaza: mkisikia tarumbeta moja kwa fundi, msishtuke, anajifunza mambo ya Wazungu wake, endeleeni na kazi. Kanisa zima likageuka kunitazama na kucheka, na mimi nikacheka nao.

Mama ndiye aliyebadilika. Wiki nzima uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa ameuona msiba wake mwenyewe. Alinitajia kila aliyekuja na alichobeba. "Yule wa ng'ambo ya mfereji alileta maziwa, na ng'ombe wake ana ndama! Na yule mwingine hakuja. Nimemwona asivyokuja." Kumbe hakuwa mgeni hata kidogo. Ilimchukua miaka yote ile kulijua hilo.

Halafu jioni moja akaniuliza, "Sasa siku nikifa kweli, watajuaje?"

"Nitawapitia nyumba kwa nyumba."

"Uniache peke yangu?"

Kwetu maiti haachwi peke yake ndani ya nyumba, hata kwa muda wa kwenda mtoni. Akaniambia nimwombe Memsahib atafute mtu mwingine, tarumbeta irudi kanisani, mambo yakae kama yalivyokuwa. Nikakataa. Nilimjibu vibaya, nikamwambia amenizuia mengi, hili hatanizuia. Nilisema hivyo kwa mama yangu. Alivuta shuka lake akageukia ukutani.

Mchezo ulichezwa Jumamosi alasiri. Jukwaa lilikuwa langu, kila msumari nimeupiga mimi, lakini ndani ya ukumbi hapakuwa na nafasi ya Mwafrika, isipokuwa wabeba vinywaji. Mimi niliwekwa nje, chini ya dirisha la nyuma. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Nilizisikia zile fidla nne, zikizungumza kama siku ile ya kwanza, na bibi aliyecheza yule mke akiimba juu yake, anang'ang'ania, anakata tamaa. Kitambaa cheupe kikapungwa dirishani. Nikapiga sauti tatu.

Kisha ile sauti ya yule bibi ikapanda ikaenda juu mpaka nywele zikanisimama. Wakapiga makofi yasiyokwisha. Mimi nikafuta maji usoni, nikasubiri. Nilifikiri wataniita, walau mlangoni. Mzungu mmoja akatoka kuvuta sigara, akaniona.

"Wewe, ngoja nini hapa?"

"Mimi ndiye niliyepiga tarumbeta, bwana."

"Haya, kwisha. Nenda."

Memsahib alinikuta barabarani, akateremsha kioo cha gari lake. Akasema, "Nzuri sana. Tutaita wewe tena." Hayo maneno matatu ya mwisho yaliniharibu. Nilipandisha mlima na mvua ile nimevimba kichwa.

Mama alikuwa macho. "Walikupigia makofi?"

"Walipiga sana."

"Wewe mwenyewe?"

Nikasema walipiga tu, mama, makofi ni makofi. Hakusema pole.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mpaka hapo ilikuwa ujinga tu. Mchezo ulikwisha, na mimi sikuacha. Tutaita wewe tena! Kila asubuhi nilisimama nyuma ya migomba nikapiga zile sauti tatu ili siku wakiniita wanikute tayari. Mzee wa kanisa aliniuliza kama nimemaliza, atangaze sheria irudi. Nikamwambia bado kidogo. Juni ikapita, Julai na ukungu wake ikapita. Hakuna aliyeniita. Watu walizoea. Wachumaji wa kahawa walikuwa wakinitania toka chini, "Leo imekwaruza, fundi!" au "Leo umekula nini?" Na mimi nazidi kupiga, kwa sababu ningeacha ningekuwa nimekubali kwamba ndiyo basi.

Mama alikufa asubuhi moja ya mwezi wa tisa, uji ukiwa bado jikoni. Alikohoa, akanishika mkono, akauachia. Nilimfunga kidevu, nikamnyoosha miguu kama nilivyoona wengine wakifanya. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nikachukua tarumbeta, nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili asiwe peke yake.

Nikapiga. Sauti tatu, zile za kwetu, ya mwisho haipandi. Nilipiga kwa ajili yake peke yake, na haki ya Mungu, sijawahi kuipiga vile, si kabla wala baada.

Chini nilisikia matawi ya kahawa yakivutwa na wanawake wakizungumza. Hakuna aliyekuja. Nikangoja, nikapiga mara ya pili. Mazungumzo yakakatika. Nikajua sasa wameelewa, sasa majembe yanatupwa. Nikaitazama njia ya mferejini.

Ikaja sauti ya jirani yetu, yule yule aliyemlilia mama siku ile. "Fundi! Leo umeipatia kweli kweli!"

Wakacheka wote, kicheko kizuri cha watu wanaokupenda. Nikapaza sauti kuwaambia, kicheko kikaimeza; kushuka nisingeweza, mama angebaki peke yake. Na wao, huko chini kati ya mibuni, wakaweka vikapu vyao wakanipigia makofi, mimi mwenyewe, kwa muda mrefu. Kisha wakarudi kuchuma.