Saa Iliyopotea ya Benne Namba Saba

Kwa wiki mbili, benne namba saba, lori la kubeba udongo, ilitoka gereji kila siku ya kazi baada tu ya saa kumi na moja alfajiri, ikapita kwenye lango ambalo hufunguliwa saa kumi na mbili. Ndivyo ripoti ilivyosema. Kufuli la lango lilikuwa zima, na mlinzi hakusikia kitu.

Nilikuwa katibu wa kamati ndogo iliyopewa kazi ya kuchagua mfumo wa kufuatilia magari ya kazi za mji wetu wa Lubumbashi: mabenne yanayobeba udongo wa kuziba mashimo, gari la maji, na niveleuse, ile mashine ya kusawazisha barabara. Kabla ya hapo mfumo wetu ulikuwa simu ya mkuu wa gereji. Alipiga, akauliza "Uko wapi?", na madereva wote walijibu maneno yaleyale: "Niko mu njia, chef." Kampuni mbili zilituletea vifaa vya majaribio, vidogo kama kiberiti. Cha kwanza kilifungwa kwenye benne namba saba, cha pili kwenye niveleuse.

Dereva wa namba saba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa maneno machache, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ripoti ilimwonyesha akitoka kabla ya lango kufunguliwa na kurudi saa nane na nusu, ilhali kazi huisha saa tisa na nusu. Ripoti ya niveleuse haikuwa na dosari ya saa. Mkuu wa gereji alizilaza karatasi zote mbili mezani, mbele ya kamati, akamwita dereva wa namba saba.

"Papa, unapeleka wapi benne yetu kabla ya jogoo?"

"Chef, hii mashini iko na bongo."

"Mashini haina ndugu, haina bibi. Itasema bongo, itudanganye kwa faida ya nani?"

"Basi muiulize ilipita wapi. Mimi sina mabawa."

Mkuu akampa mpaka Ijumaa aeleze. La sivyo arudishe ufunguo wa gari, na barua iende ofisi ya wafanyakazi. Kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja, barua kama hiyo ingemtoa kazini bila heshima.

Kilichonisumbua ni lango. Mtu anaweza kudanganya kuhusu mahali alipokuwa, lakini benne haiwezi kupenya chuma. Kwa hiyo Jumatatu nilifika kabla ya saa kumi na mbili, nikakaa na daftari kwenye kibanda cha mlinzi. Alinipa kiti chake, yeye akakalia ndoo.

"Mama, leo unalinda mulinzi?"

"Nalinda saa," nikamwambia.

Benne namba saba ilitoka saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Adhuhuri nilifungua ripoti: saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Jumanne nikarudi. Daftari langu liliandika saa kumi na mbili na dakika tisa, na ripoti ikaandika saa kumi na moja na dakika tisa. Dakika zililingana siku zote mbili. Ni saa nzima iliyokosekana, na saa nzima haipotei kwa bahati mbaya.

Jibu lilinijia Jumatano nyumbani, nikipiga pasi. Redioni mtangazaji alisema kama wanavyosema tangu nikiwa mtoto: ni saa kumi na mbili Kinshasa, saa moja Lubumbashi. Nchi moja, saa mbili. Tumelisikia hilo kila asubuhi ya maisha yetu, na kamati nzima tulikaa mbele ya karatasi ile bila hata mmoja kulikumbuka. Nilichomoa pasi.

Nilimpigia fundi wa kampuni ya kwanza, aliyekipanga kifaa akiwa Kinshasa. Alikuwa kijana mpole, mwenye Kiswahili cha kutafuta maneno.

"Mama, nilichagua Congo tu. Orodha ya saa iko na Congo yetu moja, na inafuata saa ya hapa."

"Na sisi wa huku?"

Nikamsikia akibonyeza vitufe. "Naweza kuweka Lusaka. Saa iko sawa na yenu."

Nilipowaeleza mkuu na dereva, mkuu alivua miwani. "Benne ya mji wetu itembee na saa ya Zambia? Ilivuka mpaka wa Sakania lini?"

"Chef, acha ivuke," dereva akasema. "Kule angalau banajua ni saa ngapi."

Mkuu alicheka. Kisha akaikunja barua aliyokwisha kuiandika, akaitia mfukoni bila kuichana. Alisema faili la dereva lingefungwa siku nitakapokuwa nimeisahihisha ripoti yote, mstari kwa mstari.

Kamati ilichagua mfumo wa kwanza, na saa yake ya Lusaka. Ule wa pili ulijua saa, lakini niveleuse ilipofika pembezoni mwa mji uliionyesha imesimama, kumbe inakata udongo.

Nilianza kusahihisha kwa kuongeza saa moja kila mstari. Mstari mmoja baada ya mwingine ukaingia ndani ya saa za lango, isipokuwa Alhamisi ya wiki ya kwanza. Siku hiyo ina safari mbili. Ya pili ni ya kawaida. Ya kwanza, hata baada ya kuongeza, inaanza saa kumi na moja na dakika nane. Benne inaelekea upande wa mtaa wa Karavia, inasimama dakika kumi na moja, inarudi gereji kabla ya saa kumi na mbili. Kipimo chake cha kilomita kilikufa zamani, hakiwezi kusema lolote.

Dereva anasema Alhamisi hiyo alifika na baiskeli yake lango likiwa limeshafunguliwa. Daftari la mlinzi halina kitu. Funguo za magari hutundikwa ukutani ofisini. Za lango ni mbili: moja mlinzi huivaa shingoni, nyingine imo kwenye droo ya mkuu, droo isiyofungika.

Dereva yuko kwenye usukani, na barua bado imo mfukoni mwa mkuu. Mistari yote nimeiandikia maelezo, ila ule wa Alhamisi.