Posa Iliyokwama kwa Baridi ya Milozi

Kwetu mwenye kuposa hasemi. Huvalishwa kanzu, akanyunyizwa marashi, akaketishwa kimya mkekani, wakubwa wakasema kwa niaba yake. Tena mimi hata kukaribishwa ndani ilikuwa hisani, kwa kuwa babake msichana alitaka kuniona uso. Sasa niambieni, mtu aliyesomea jinsi milozi inavyohimili baridi, atasemewa na nani?

Nilisemewa na ami, nduguye marehemu baba, anayetoa mizigo bandarini Kipevu. Wiki nzima nilimsomesha nyumbani Magongo, chai juu ya chai. Nikamwambia, ndani ya mti mna ujumbe utokao kwenye DNA, unaoamuru mti ukue, utoe majani, ufanye hili na lile. Mna pia RNA ndogondogo. Baridi ikija, baadhi ya hizo RNA huongezeka, zikaukamata ujumbe fulani na kuukata kabla haujafanya kazi. Nyingine hupungua, zikauachia ujumbe mwingine upite. Hivyo mti hupunguza kukua, ukajilinda.

"Basi nimeelewa," akasema ami. "Ni watu wa getini."

Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Siku ya siku tukavuka kwa feri hadi Shika Adabu, huko Likoni, nyumbani kwa kina msichana. Shikamoo, marahaba, kahawa, halwa, habari za wazee mmoja mmoja. Kisha baba mtu akauliza kwa upole, "Na kijana wetu anafanya kazi gani?" Kazi nilikuwa nimeipata bara, kwenye milima ya baridi, na mzee yule hana binti ila huyo mmoja.

Ami akakohoa. "Kijana anashughulika na RNA ndogo."

"Ndogo kiasi gani?" Alikuwa bibi yake msichana, nyuma ya pazia walipokaa wanawake.

"Ndogo, mamangu, hata punje ya mchanga mbele yake ni Kipevu nzima!"

Watu wakaguna. Ami naye kichwa kikamvimba, hata milima ya baridi nitakakokwenda kazini akaitaja. Akasema RNA hizo husimama langoni ndani ya jani la mlozi, na baridi ikiingia, shehena ya kukua haitoki ng'o. Akasema bila hizo, lozi hizi mnazotia kwenye halwa mngezisikia kwa jina tu. Wallahi hilo sikumfundisha mimi! Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, na kimojawapo nilikijua ni cha nani. Furaha ilinijaa hadi nikainama kuficha meno.

Lakini baba mtu hakucheka.

"Milozi imepewa walinzi wake, alhamdulillahi," akasema. "Binti yangu amezaliwa hapa Likoni. Kipupwe kikivuma kidogo tu, hujifunika kanga mbili. Huko mnakotaka kumpeleka, nani atamlinda?"

Swali hilo halikuwemo katika masomo yetu. Ami akanigeukia mimi. Nikaiona posa yangu inazama mbele ya macho yangu.

"Baba, niwie radhi," nikasema. Desturi na inisamehe. "Mti umepewa yote hayo kwa sababu hauna miguu. Ulipoota ndipo hapo hapo, ije baridi, lije jua. Sisi miguu tunayo. Binti yako akishindwa na baridi, tutafunga mizigo turudi sote wawili. Kazi nitatafuta nyingine."

Ami akanifinya paja, finyo la kunyamazisha mtoto msikitini. Nilikuwa nimeshachelewa kunyamaza. Mzee alinikazia macho, kisha akageukia pazia.

"Mmesikia huko?"

"Tumesikia," wakaitika wanawake.

"Na mwenyewe amesikia?"

Hapo msichana hutakiwa anyamaze, na kimya chake ndicho kukubali. Loo, huyu wangu!

"Abee, baba, nimesikia," akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na nitakwenda naye!"

"We mtoto huna haya!" bibi yake akamkemea, lakini vigelegele vikammeza yeye na kemeo lake. Mzee alijifuta macho kwa ncha ya kilemba, polepole, bila kujificha. Halafu akamgeukia ami.

"Mngeanza na hilo la miguu," akamwambia, "sasa hivi tungekuwa tushakula."