Walimwona Akitetemeka

Mwalimu wetu wa dhikiri hapa Bwera tulimzika Ijumaa, na bado nina hasira. Wasomaji wangu, msiniambie siku yake ilifika. Siku hufika, ndiyo, lakini hii tuliifungulia mlango wenyewe.

Alikuwa mchimba chumvi wa ziwa la Katwe, miguu yote makovu, mdomo wote utani. Nilipokuwa sekondari aliniuliza chumvi ni nini. Nikajibu kwa kiburi cha darasa la kemia: sodiamu na klorini. Akanitilia punje ulimini. "Kitabu chako kilikuambia hii?" Nikatema, akacheka. Kwake yeye kumjua Mungu ni kuonja. Aliyesimuliwa chakula bado ana njaa. Lakini kitabu hakukidharau. Akanipa kalamu: "Hebu andika hiyo sodiamu yako, binti. Ulimi wangu haifiki huko." Karatasi ile akaikunja, akaihifadhi ndani ya msahafu wake.

Wiki mbili zilizopita nguvu zilimwisha, akaenda zahanati. Kijana wa koti jeupe akatazama kipimo, uso hakuutazama. "Malaria hakuna, mzee. Uko sawa, rudi nyumbani." Mzee akamjibu, "Mwili ni yangu, mwanangu, na mimi nasema haiko sawa." Kijana akaita mgonjwa mwingine. Alhamisi baada ya alasiri, katikati ya dhikiri, mwalimu akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka, macho yamegeuka. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, mtoto mgongoni. Nikasema, "Jamani, huyu anaumwa!" Mwanafunzi wake mkubwa akanigeukia: "Nyamaza, mama. Hii si ugonjwa, iko hali. Mwalimu amefika kwa Mola." Wakapandisha sauti, wakamzunguka, wengine wakilia kwa furaha. Nikanyamaza. Miaka minne ya sekondari, nikanyamaza. Walipomaliza, mikono yake ilikuwa baridi.

Mmoja aliamini kipimo, mwingine aliamini hali, na mpaka leo hakuna anayejua kilichomuua. Sasa watu wa msikitini wanalaumu zahanati, wa zahanati wanacheka msikiti. Upuuzi! Elimu hizo mbili zilikaa pamoja ndani ya msahafu wa mchimba chumvi, hazikugombana. Elimu inayokuzuia kumwuliza mgonjwa "unaumwa wapi?" ni ujinga, uvae kanzu au koti jeupe. Mtu akitetemeka tena mbele yangu, nitapiga kelele mpaka dhikiri ikatike.